Kabla Dalali Hajagonga Nyundo

Tangazo la mnada wa magari chakavu ya serikali nchini Tanzania huanza na orodha: namba ya gari, aina yake, mkoa lilipo. Chini hufuata masharti, na humo ndimo yalimo maneno manne ambayo wasomaji wengi huyaruka wakikimbilia kuitafuta Hilux: kama lilivyo, mahali lilipo. Mawili ya kwanza yana maana kwamba gari likigundulika halina gia boksi, hilo halimhusu dalali. Mawili ya mwisho yana maana kwamba likiwa Sumbawanga na aliyelinunua anaishi Kibaha, njia yote hiyo ni mzigo wake. Hesabu ya bei ya pikapu kuukuu inaanzia hapo.

Na pikapu kuukuu zina wapenzi. Siku ya mnada magari madogo huenda kwa madau mawili matatu huku watu wakipiga soga chini ya mti. Ikifikiwa Hilux au Land Cruiser pikapu, yadi nzima husogea.

Sababu moja haijulikani sana. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirudisha mpaka 2017. Ndiyo maana meli zinazoshusha Noah, Vitz na IST katika bandari ya Dar es Salaam hazishushi Hilux za Vigo zilizotumika Japani: huko hazikuwapo. Mwenye kuitaka hana budi kuitafuta iliyoingia nchini ikiwa mpya, au iliyotokea Thailand, Uingereza na nchi za Ghuba. Na nani hasa aliyekuwa akinunua pikapu mpya Tanzania? Serikali, mashirika, migodi, miradi ya wafadhili. Hao hao ndio wanaozipeleka mnadani miaka ikishapita, zikiwa bado na namba za STK, SU, SM au DFP.

Sababu ya pili ni sifa. Mwaka 2003 kipindi cha televisheni cha Uingereza, Top Gear, kilichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, kikaizamisha baharini, kikaitwanga kwa mpira wa chuma, kikaitia moto, na mwisho kikaipandisha juu ya jengo refu lililobomolewa kwa baruti. Fundi aliiwasha tena kwa zana za kawaida. Ni burudani tamu, na huenda imewatoa watu fedha nyingi kuliko tangazo lolote, maana sifa ya Hilux mnunuzi huilipia kila anapopandisha dau, ila sifa hiyo haimnunulii nozeli hata moja.

Swali la kwanza, kabla ya kuangalia hata tairi, ni kwa nini gari hilo linauzwa. Magari ya serikali yana wakala wake wa matengenezo, TEMESA. Likiishia mnadani kwa sababu ya uchakavu, maana yake kuna mtu mwenye ujuzi aliyekwisha kulitazama na kuona kwamba kulitengeneza hakulipi. Mnunuzi anayesema “ni kitu kidogo tu hiki, nalifufua kwa laki tano” anampinga mtu aliyelifahamu gari hilo kuliko yeye.

Hapo hapo pana mwanya wa haki. Hesabu ya taasisi si hesabu ya mkulima. Taasisi hununua kipuri kipya kwa utaratibu wa manunuzi na gari lake lazima liwe la kutegemewa kumpeleka ofisa Kigoma na kumrudisha. Mkulima anaweza kuridhika na nusu injini iliyotumika kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kioo chenye ufa na mlango wa rangi nyingine. Kilichokuwa hakilipi kwa mmoja kinaweza kumlipa mwingine. Faida yote ya mnadani, kama ipo, imo katika tofauti hiyo.

Gari lililokamatwa na benki lina historia nyingine. Mtu aliyeshindwa kulipa marejesho ya mkopo kwa miezi sita hakubadilisha oili katika miezi hiyo sita. Na gari la mradi uliofungwa linaweza kuwa zima kabisa, limeegeshwa kwa sababu wafadhili wameondoka. Tatizo lake liko kwenye makaratasi, na litafikiwa baadaye.

Tangazo hutaja siku za kuangalia magari kabla ya mnada, na siku hizo zina thamani kuliko siku ya mnada wenyewe. Mnunuzi mwenye akili huenda na fundi, akamlipa posho ya siku, hata kama mwishoni hawatanunua kitu. Elfu hamsini ya fundi anayesema “hili achana nalo” ni fedha iliyofanya kazi. Fundi afaaye ni yule asiyetarajia kulitengeneza gari hilo, kwa kuwa anayelitarajia huona kila ubovu ni mwepesi mpaka gari liingie gereji kwake.

Waanzie kwenye chesisi, kwa sababu ndiyo sehemu isiyobadilishwa kwa urahisi na ndiyo inayobeba namba ambayo gari zima linajulikana kwayo. Namba hiyo isomwe kwenye chuma chenyewe, ilinganishwe na iliyo kwenye orodha ya mnada na kwenye kibati kilichobandikwa sehemu ya injini. Ikitofautiana kwa tarakimu moja, bei sahihi ya gari hilo ni sifuri mpaka wenye mnada walimalize jambo hilo kwa maandishi. Hakuna punguzo litakalofidia gari lisilosajilika.

Kisha kutu. Hata Toyota huoza: mwaka 2016, nchini Marekani, kampuni hiyo ilikubali suluhu ya kesi iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kwa ajili ya chesisi za pikapu zake za Tacoma na Tundra na gari la Sequoia zilizoliwa na kutu. Kule ni chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani; huku ni chumvi ya Tanga, Mtwara na Zanzibar, na matope yanayokaa ndani ya chesisi msimu mzima. Fundi apite na nyundo ndogo akigonga taratibu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti butu, kama debe lenye mchanga. Pahali pa kukawia ni nyuma ya kabini, panapopindia mzigo unapozidi, na kwenye vishikio vya springi za nyuma. Chesisi iliyopakwa rangi nyeusi wiki iliyopita, chini ya bodi ambayo haijaoshwa mwaka mzima, imepakwa kwa sababu.

Injini nayo hujitambulisha kwa herufi zinazotangulia namba ya chesisi. LN ni Hilux za injini za ukoo wa L: 2L ya cc 2,446, 3L ya cc 2,779, 5L ya cc 2,986. Nyingi kati yake zina pampu ya dizeli isiyojua kompyuta ni nini, na fundi wa Makambako aliyejifunzia kazi chini ya mwembe anaifungua na kuifunga. KUN ni Vigo, zenye injini za KD, yaani 2KD ya cc 2,494 na 1KD ya cc 2,982. Zina nguvu na hazili mafuta sana, lakini nozeli zake zinaongozwa kwa umeme, na zikifa bei yake humfanya mtu akae chini. HZJ ni Land Cruiser yenye 1HZ, silinda sita, cc 4,164, haina turbo wala haraka. Ndiyo inayogombaniwa kuliko zote, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo ambayo ni nadra kuipata kwa bei ya maana.

KD ina ugonjwa mmoja ambao kila mnunuzi wa Vigo anapaswa kuufahamu. Vizibo vidogo vya shaba vilivyo chini ya nozeli vikianza kuvuja, masizi huingia kwenye oili, yakagandamana na kuziba chujio la kunyonyea oili chini kabisa ya injini. Stiki inaonyesha oili imejaa, na injini inakufa kwa kukosa oili. Kwa hiyo kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe: ukikuta utando mzito mweusi kama lami, bei ishuke hapo hapo kwa gharama ya injini nzima, wala si nozeli tu.

Mara nyingi gari haliwashwi. Betri haipo, au mlinzi amekataa. Basi isomwe mizizi ya ugonjwa kwa macho. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Rejeta yenye utando wa mafuta juu ya maji inasema habari ile ile kutoka upande wa pili. Wakikubali gari liwashwe, na ni vizuri kwenda na betri yako endapo watakubali, moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata moto mara nyingi ni maji, na mweusi ni dizeli isiyoungua yote, yaani nozeli, pampu au chujio la hewa. Taimingi belti haihitaji hata kuulizwa. Ukoo wa L, KD na 1HZ zote zina belti, na kwa gari ambalo historia yake haijulikani, belti hiyo ihesabiwe kuwa imekwisha. Ikikatika gari likiwa mwendoni, valvu na pistoni hukutana.

Tairi zina tarehe. Ubavuni mna tarakimu nne: 2214 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2014. Tairi yenye kashata nzuri lakini ina miaka kumi ni pambo. Tarakimu hizo pia zinasaidia kukisia gari limekaa juu ya mawe muda gani, sawa na kadi ya sevisi iliyosahaulika ndani ya droo, yenye tarehe ya mwisho ya kubadilisha oili na kilomita za siku hiyo.

Na yahesabiwe yasiyokuwepo. Gari likikaa yadi mwaka mmoja hupukutika kama mti: kwanza betri, kisha tairi la akiba na jeki, taa, redio, altaneta, na siku moja nozeli zenyewe. Kwenye Vigo iangaliwe kompyuta ya injini. Gari lisilo na kompyuta si gari bovu kidogo, ni kabini na matairi.

Sasa kalamu. Tuchukue mkulima wa Kibaigwa, Dodoma, anayetaka Hilux ya LN ya milango minne ili kupeleka magunia ya mahindi sokoni na kurudi na mbolea. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, kila mtu aweke za soko lake. Kinachotazamwa ni mwendo wa hesabu. Anaanzia mwisho, siyo mwanzo: gari la aina hiyo hiyo, likiwa zima, lina kadi na linatembea, linauzwa shilingi ngapi? Si bei iliyobandikwa kwenye kioo. Ni ile ambayo mwenye gari huikubali jioni mteja akiwa na fedha taslimu. Tuseme wanataka milioni 24 na wanakubali 21. Basi 21 ndiyo dari, na kila kitu kinatolewa humo.

Fundi amepita na kuandika: nusu injini iliyotumika pamoja na kuifunga, milioni 4.5. Matairi manne, 1.6. Springi, bushi na bolijointi, laki tisa. Betri, taa na kioo cha mbele, laki saba. Kuchomelea chesisi na bodi, laki nane. Jumla 8.5. Kulivuta gari, kulisajili upya na bima, 1.5. Imebaki milioni 11, na hapa ndipo wengi hufunga daftari na kusema, basi nitafika 11.

Hesabu yao haijafika mwisho wa njia. Fundi ameandika alichokiona, na gari la mnadani humficha mtu mengi. Mafundi waliozoea kazi hii huongeza theluthi ya gharama za matengenezo kwa yasiyoonekana, na uzoefu unaonyesha theluthi hiyo huliwa. Kwa mkulima wetu ni kama 2.8. Kisha kuna jasho lake mwenyewe: safari za kwenda kutafuta vipuri, wiki ambazo gari liko gereji na mahindi yanapakiwa kwenye gari la kukodi, na ukweli kwamba angeweza kununua gari zima leo na kulipakia kesho. Kama kupitia mnadani hakumwachii chochote cha kufidia usumbufu huo, hana sababu ya kwenda. Aweke 2.2. Toa vyote katika 21 na kinachobaki ni milioni sita kamili.

Sita, kwa gari ambalo likiwa zima ni 21. Namba hiyo humtia haya mwenye kuiandika; anahisi kama anatukana. Aiandike hivyo hivyo.

Kisha aipime kwa upande wa pili: gari hilo likivunjwa lina thamani gani? Wapinzani wake wakali mnadani si wakulima wenzake. Ni wauza vipuri wanaojua bei ya difu, gia boksi, milango na kabini kama wanavyojua majina ya watoto wao. Hao hawanunui gari, wananunua rafu za duka. Kama wao wangelichukua kwa tano ili walivunje, mkulima aliyelipa sita hana zaidi ya takriban milioni moja ya kupoteza siku akiligeukia na kuliuza vipande vipande. Kama wao wangeishia mbili, milioni zake nne zimesimama juu ya matumaini. Wauza vipuri wakiachia mapema gari linaloonekana zuri, ni busara kujiuliza wameona nini.

Makaratasi yanastahili mstari wake katika daftari. Gari la STK huvuliwa namba za serikali na kusajiliwa kiraia katika Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa hiyo namba mpya itakayofungwa haisemi lolote kuhusu umri wa gari. Asidanganyike baadaye mtu wa kulinunua, wala asidanganywe yeye. Gari la DFP, yaani la mradi wa wafadhili, ni jambo zito zaidi. Liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na likihamia kwa mtu asiye na msamaha, ushuru uliokuwa umelala huamka. VAT peke yake ni asilimia 18, kabla ya mengine. Tangazo husema ni nani anayelipa, na lisiposema, aulizwe mwenye mnada na TRA kabla ya siku yenyewe. Vigo ya mradi iliyong'aa, iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa na mtu asiyesoma mstari huo, inaweza kumgharimu zaidi kuliko iliyokuwa ikiuzwa barabarani.

Lipo jambo jingine ambalo daftari peke yake haliwezi kulizuia, nalo liligunduliwa na watu wa mafuta. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu minada ya vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Kampuni zilizokuwa zikishinda vitalu hivyo hazikuwa zikipata faida iliyotarajiwa, ingawa zilikuwa na wataalamu wazuri. Sababu ni rahisi ikishasemwa. Watu kumi wakikadiria thamani ya kitu wasichokijua vizuri, baadhi watakosea chini na baadhi watakosea juu. Mnada hauchagui aliyekadiria sawa. Unamchagua aliyekosea juu kuliko wote, unampa mkono na kumpongeza.

Mwaka 1983 Max Bazerman na William Samuelson walilijaribu hilo kwa wanafunzi wa biashara huko Boston. Waliwapa kukadiria na kuvinadi vyombo vilivyojaa sarafu na vitu vingine vidogo, kila kimoja kikiwa na thamani ya dola 8. Kwa wastani wanafunzi walikadiria dola 5.13 tu, yaani wengi walikuwa waoga. Hata hivyo wastani wa dau lililoshinda ulikuwa dola 10.01. Kwa wastani makadirio yalikuwa chini, na bado washindi kwa wastani walikula hasara.

Kwa mkulima wa Kibaigwa hili lina maana moja ambayo inakwenda kinyume na damu ya mwanadamu. Watu wakiwa wengi wanaolipigania gari, yeye ashuke, asipande. Katika yadi ya watu watatu, namba yake ya milioni sita inatosha. Katika yadi ya watu thelathini, kushinda kwake kwa sita kungekuwa na maana kwamba watu ishirini na tisa wamelitazama gari lile lile na kuona halifiki hapo. Umati hulifanya gari lionekane tamu. Kwa mwenye kalamu ni onyo, na dari ishuke kwa laki tatu au nne kabla nyundo haijaanza.

Dalali anajua haya yote, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayepata nafasi ya kuyafikiri. Huanza chini ili mikono mingi inyooke. Hutaja dau haraka, humtazama mtu mmoja machoni, humwita “bosi” au “mzee wa kazi”. Wapo pia watu wa kupangwa, wanaopandisha bei bila nia ya kununua, na wapo wafanyabiashara waliokubaliana wasishindane ili wagawane baadaye. Mgeni hawezi kuwatambua wote. Kinga yake ni ile namba iliyo mfukoni, na mtu wa kusimama naye, mke, kaka au fundi, aliyepewa ruhusa ya kumshika mkono ikipita.

Namba yenyewe isiwe ya mviringo. Wengi hujiwekea mwisho penye tarakimu kamili, milioni tano, sita, saba, na wote hukwama hapo kwa pamoja. Aliyejiwekea 6,150,000 anaweza kulichukua gari kwa sababu ya laki na nusu hiyo tu, mradi awe ameiandika nyumbani. Laki na nusu inayozaliwa yadini ina ndugu wengi.

Taasisi nyingine haziiti dalali. Huweka sanduku, na kila mtu hutumbukiza bahasha. Huo ni mchezo tofauti. Kwenye mnada wa sauti mshindi hulipa kidogo tu juu ya aliyemfuata, hata kama yeye alikuwa tayari kwenda mbali zaidi. Kwenye bahasha hulipa alichoandika, hata kama wa pili aliandika nusu yake. William Vickrey alilichambua jambo hili mwaka 1961, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996 na kufariki siku tatu baada ya kutangazwa. Kwa mnunuzi wa pikapu inatosha kukumbuka kwamba kuandika namba yake ya juu kabisa kwenye bahasha ni kujinyima faida yote. Iliyo sita yadini, kwenye bahasha iwe tano na kitu.

Suala la mwisho ni fedha zenyewe. Katika minada ya serikali sharti la kawaida ni kulipa papo hapo asilimia 25 ya bei na kumaliza salio ndani ya siku 14. Atakayeshindwa hupoteza gari na amana yake pia. Kwa gari la milioni sita, amana ni milioni moja na nusu. Aliyepandwa na mori akafika tisa, akatoa 2.25 na kurudi nyumbani kukopa, amejifunga siku 14 za kutolala. Na hata akifanikiwa, gari bado liko yadini na milioni 10 za kulitia barabarani hazijatafutwa. Ndiyo chanzo cha pikapu zile zinazoonekana nyuma ya nyumba nyingi, zimeota majani, kuku wanatagia ndani: mwenyewe alikuwa na fedha za kununua, hakuwa na za kutengeneza. Mkulima wetu anahitaji milioni 16 mkononi ili alipe sita, na zaidi ya 18 akitaka ile theluthi ya yasiyoonekana isimkute mikono mitupu.

Siku ya mnada anafika mapema na kulizunguka gari tena, akiangalia kama kuna kilichotoweka tangu alipokuja na fundi. Kumbe altaneta haipo. Anakata laki tatu kwenye daftari. 6,150,000 inakuwa 5,850,000. Dalali anaanza milioni mbili. Mikono kumi na mingapi inanyooka. Kwenye nne wanabaki watano, kwenye tano watatu, yeye na vijana wawili wenye kofia ambao amewaona wakipiga simu tangu asubuhi. Anataja 5.7, wanajibu 5.8. Anataja 5,850,000. Wanajibu sita.

“Mzee wa Kibaigwa, unaliacha?” anauliza dalali, kipaza sauti mkononi. “Laki moja tu, mzee!”

Linakwenda 6.4, baada ya mtu wa nne kuingia dakika ya mwisho. Mzee amekwisha kugeuza ukurasa. Namba 31, upande wa ukutani, ni Hilux ya mlango mmoja mmoja, bodi imekunjika mbele na haina kioo, lakini fundi aligonga chesisi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho na ikalia. Daftari linasema 3,350,000. Watu wengi bado wamelizunguka lile jingine wakimpongeza mshindi.